Kushusha Mbele ya Gari la Zamani: Somo la Vipimo katika Karakana

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kumkagua mwalimu mwanafunzi aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya sekondari yenye mchepuo wa ufundi. Somo lake lilikuwa springi na usukani wa gari. Andalio la somo lilikuwa safi, mchoro wake ubaoni ulikuwa mzuri kuliko ule wa kitabuni, na wanafunzi waliweza kutaja sehemu zote za ekseli ya mbele bila kusita. Karibu na mwisho wa kipindi kijana mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, wale wanaoshusha Volkswagen mbele hufanya nini hasa?" Mwalimu alijibu kwamba huo ni uhuni wa mitaani, akafuta ubao, akatoa kazi ya nyumbani. Tulimpa alama za juu. Katika maelezo yetu tuliandika kwamba alilimudu darasa vizuri na hakuruhusu lipotoke nje ya mada.

Kabla muhula haujaisha, muulizaji yule alivunjika mkono. Alikuwa abiria katika gari la kaka yake, ambalo walikuwa wamelishusha wenyewe kwa kutoa baadhi ya mabapa ya springi. Kwenye tuta la barabarani sehemu ya mbele iligota chini, shokapu moja ikang'oka kwenye kishikizo chake, na gari likaingia mtaroni. Hatudai kwamba jibu la dakika kumi lingeuokoa mkono ule. Tunasema tu kwamba swali liliulizwa darasani, mbele ya mwalimu na mkufunzi wake, nasi sote wawili tukalipita. Na aliyekuwa ameshika karatasi ya alama ni sisi.

Tangu hapo tumelirudia swali lile katika karakana ya chuo, pamoja na makundi kadhaa ya walimu wanafunzi, na makala haya yanaeleza namna tulivyolifanya kuwa somo. Hatukusudii kumfundisha msomaji kushusha gari, wala hatukusudii kumkataza. Vijana watashusha magari iwapo walimu tutapenda au hatutapenda. Tunalotaka ni kwamba kijana anayeshika msumeno awe anajua ni vipimo vingapi vinavyosogea pamoja anapokisogeza kimoja.

Ekseli juu ya meza

Tulichagua Volkswagen Beetle kwa sababu tatu. Kwanza, magari haya yalitengenezwa kwa miaka mingi mno, mpaka lile la mwisho lilipotoka katika kiwanda cha Puebla, Meksiko, mwaka 2003. Kwa hiyo mabaki yake bado hupatikana. Pili, ekseli yake ya mbele huweza kutolewa yote kwa pamoja na kuwekwa juu ya meza, jambo ambalo magari mengi hayaruhusu. Tatu, gari hili lina heshima yake katika Afrika Mashariki. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, tena 1957, tena 1962, na lilishinda kwa kupita katika matope na mashimo. Wanafunzi hucheka wanapoelezwa kwamba gari lililopata jina kwa kukaa juu ya matope sasa linatafutiwa njia ya kukaribia lami. Kicheko hicho si kibaya. Ndipo somo linapoanzia.

Mwalimu na ahakikishe kwanza ni ekseli ipi aliyo nayo. Magari ya mpaka mwaka 1965 hutumia pini za kuunganishia pale gurudumu linapopinda. Yale yaliyofuata hutumia boljointi. Aina za 1302 na 1303, zilizoanza kutoka mwaka 1970, hazina ekseli hii kabisa bali zina springi za mzunguko zilizosimama pamoja na shokapu. Maelezo yetu yanahusu ekseli ya boljointi.

Ekseli yenyewe ni mirija miwili iliyolala kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili, mmoja juu na mwingine chini, ikiwa imefungwa kwa bolti nne kwenye kichwa cha chasisi. Ndani ya kila mrija mna fungu la mabapa membamba ya chuma cha springi. Katikati ya mrija fungu hilo limebanwa kwa skrubu yenye nati ya kukazia, kwa hiyo haliwezi kugeuka pale. Kila ncha ya fungu imeshika mkono mfupi unaoelekea nyuma, na mikono miwili ya upande mmoja, wa juu na wa chini, hushika kwa boljointi kile kipande kinachobeba gurudumu. Gurudumu likipanda, mikono hupanda, na mabapa husokotwa. Springi ya gari hili basi haikunjwi wala haibonyezwi. Husokotwa, kama mtu anavyosokota nguo anapoikamua. Namna hii ya springi ilibuniwa katika ofisi ya Ferdinand Porsche mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Tuliwapa wanafunzi ekseli ya gari lililokufa zamani, tukawaomba waishike kabla ya kuitaja. Majina yalikuja baadaye. Jambo moja tuliwataka walione kwa macho yao: mikono ya juu na ya chini iko sambamba na urefu wake ni sawa. Kwa hiyo gurudumu linapopanda au kushuka, kipande kinacholibeba husogea bila kuinama. Husimama vile vile kama kilivyosimama kulingana na mwili wa gari. Tafadhali mwalimu asiupite upesi ukweli huu, kwani hesabu yote ya baadaye inausimamia.

Kimo si ugumu

Makosa mengi ya mitaani hutokana na kuchanganya mambo mawili: kimo cha gari na ugumu wa springi. Kijana anataka kimo kipungue. Anatoa mabapa matatu au manne, kimo kinapungua, anafurahi. Hajui kwamba amepunguza na ugumu.

Kulionyesha hili hatukuhitaji gari. Tulichukua nyembe sita kuukuu za msumeno wa chuma, tukazipanga kuwa fungu moja, tukabana ncha moja katika jiliwa. Karibu na ncha ya pili fungu lilipita katika tundu la ubao uliosimamishwa, ili liweze kusokotwa lakini lisipinde. Kwenye ncha hiyo tulifunga mkono wa mti wa urefu wa sentimita 20, na mwisho wa mkono tukaning'iniza mfuko wa mawe. Wanafunzi wakapima kimo cha ncha ya mkono kutoka mezani.

Kisha tulifanya mambo mawili kwa zamu. Kwanza tulitoa nyembe mbili. Mkono ukashuka, wakapima. Halafu tulirudisha nyembe zote sita, na badala ya kutoa kitu tuligeuza kidogo ncha iliyobanwa katika jiliwa, mpaka mkono ukafika chini kwenye alama ile ile. Kwa macho hali mbili zilifanana kabisa. Tukauliza darasa: je, ni mamoja? Zaidi ya nusu walisema ni mamoja.

Ndipo tulipoongeza jiwe moja katika kila hali. Fungu la nyembe sita lilishuka kiasi fulani. Fungu la nyembe nne lilishuka mara moja na nusu ya kiasi hicho, yaani sita kwa nne. Kimya kilichofuata kilitufurahisha kuliko jibu lolote. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi gereji wakati wa likizo alisema taratibu, "Kwa hiyo ya pili imeshuka, lakini bado ina nguvu yake." Ndivyo hasa. Katika gari mambo yamepinduka, kwani mkono haushuki bali mwili wa gari ndio unaoushukia. Lakini kanuni ni ile ile. Anayegeuza mahali springi ilipobanwa hubadili kimo peke yake. Anayetoa mabapa hubadili kimo na ugumu.

Sasa ukumbukwe mwendo. Kati ya mahali gari linapokaa na kile kizuizi cha mpira kinachozuia mkono usipande zaidi, kuna nafasi ya kupokelea mashimo na matuta. Kila milimita ya kushusha huliwa kutoka katika nafasi hiyo. Nishati inayopokelewa na springi hufuata mraba wa mwendo wake, kama wanafunzi walivyojifunza katika fizikia. Hivyo nafasi ikibaki nusu, springi ile ile haipokei nusu ya nishati bali robo tu kabla ya kugota. Na kama mwenye gari ametoa mabapa hata ugumu ukabaki robo tatu, basi robo tatu ya robo ni sehemu tatu katika kumi na sita, chini ya moja ya tano ya uwezo wa awali. Gari lililoshushwa lina nafasi ndogo, kwa hiyo lilihitaji springi ngumu zaidi. Fundi wetu amelipa laini zaidi. Tuliiandika sehemu hiyo ubaoni, tatu juu ya kumi na sita, tukaiacha pale mpaka kipindi kilichofuata. Laiti ingekuwa ubaoni siku ile tuliyokwenda kukagua.

Ni haki kuongeza kwamba springi za mzunguko, zilizomo katika magari mengine, huenda kinyume. Zikikatwa mzunguko mmoja huwa ngumu zaidi, kwa sababu waya uliobaki ni mfupi. Lakini springi inayopashwa moto ili ilale hupoteza ile hali ya chuma iliyopatikana kiwandani, na hakuna awezaye kujua italala mpaka wapi. Jambo hilo tulilipitia kwa dakika tano tu.

Mita moja ya uzi

Sehemu ya pili ya somo ilihitaji gari zima. Mkufunzi mwenzetu mmoja, mzee aliyekaribia kustaafu, alikuwa na Volkswagen yake ambayo aliipenda kama mboni ya jicho. Alikubali tuitumie kwa sharti kwamba hakuna mtu atakayelegeza hata nati moja. Sharti hilo lilitusaidia, maana lilitulazimisha tutafute njia ya kulishusha gari bila kulifungua. Tuliondoa gurudumu la akiba lililomo mbele, tukaweka mifuko midogo ya mchanga mahali pake na mingine juu ya ubao uliolazwa kwenye bampa, mmoja baada ya mwingine, mpaka mbele ikashuka milimita 50. Mzee alisimama pembeni akihesabu mifuko kwa sauti.

Kabla ya mifuko, wanafunzi walikuwa wamefunga kwenye mlango ufito ulionyooka wenye urefu wa mita moja, umesimama wima, na kutoka kwenye ncha yake ya juu wakaning'iniza timazi. Kwenye ncha ya chini waliweka rula. Gari likiwa katika sakafu tambarare walisoma mahali uzi ulipopita. Mbele iliposhuka, mwili wa gari uliinama, ufito ukaelekea mbele pamoja nao, lakini uzi ulibaki wima kama ilivyo desturi yake. Kwenye rula uzi ulikuwa umesogea mbele kiasi cha milimita 21.

Tuliwaachia wakokotoe wenyewe. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ya gari hili ni milimita 2,400. Milimita 50 katika 2,400 ni moja katika 48. Mita moja ikigawanywa kwa 48 ni karibu milimita 21. Pembetatu ndefu ya gari na pembetatu nyembamba ya uzi zinafanana. Tumewaona wanafunzi waliokariri kanuni ya pembetatu zinazofanana kwa miaka minne, wakaishangaa hapo kana kwamba wameletewa jambo jipya. Katika digrii ni moja na moja ya tano hivi, pembe ambayo kipimapembe cha mfukoni hakiwezi kuisoma vizuri. Uzi wa mita moja huisoma bila taabu. Makundi mawili yalipata milimita 23 badala ya 21. Baada ya mabishano walitambua kwamba uzito uliowekwa mbele ya ekseli ulikuwa umeinua nyuma kidogo, milimita chache tu. Kosa hilo lilikuwa na faida kuliko jibu sahihi.

Je, kuinama huko kuna neno gani? Hapa ndipo tulipoingiza ile pembe ambayo mafundi huiita kasta. Mhimili ambao gurudumu hupindia hausimami wima. Sehemu yake ya juu imelala nyuma kidogo. Ukiurefusha kwa mawazo hadi chini, hugusa ardhi mbele ya mahali tairi linapogusa. Kwa hiyo tairi hufuata nyuma ya mhimili wake, kama gurudumu la mkokoteni wa hospitali linavyofuata, na usukani hupenda kurudi katikati wenyewe. Baiskeli ilitosha kulionyesha. Tulilaza uzi kufuata shina la usukani mpaka sakafuni, tukaweka alama. Kisha tukainua gurudumu la nyuma juu ya matofali na kulaza uzi tena. Alama ya pili ilikuwa imerudi nyuma, karibu na tairi. Kuinua nyuma na kushusha mbele ni jambo moja.

Kasta ya Volkswagen yenye boljointi ni digrii tatu na kidogo. Kwa kuwa mikono yake iko sambamba, kama tulivyoona mezani, kupanda na kushuka kwa gurudumu hakubadili pembe hii. Kinachoibadili ni kuinama kwa mwili wa gari peke yake. Milimita 50 huondoa digrii moja na moja ya tano, yaani zaidi ya theluthi ya kasta yote. Milimita 75 huondoa zaidi ya nusu. Gari huwa jepesi mikononi, na dereva kijana husifu wepesi huo akiwa mjini. Barabara kuu ikiwa na upepo wa ubavuni, na mbele ya gari hili ikiwa nyepesi kwa sababu injini iko nyuma, wepesi ule ule humfanya asahihishe usukani bila kupumzika.

Dawa yake inajulikana, nayo ni hesabu ile ile kwa mara ya tatu. Mirija miwili ya ekseli imeachana milimita 150, ikipimwa kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine. Moja ya 48 ya 150 ni milimita tatu. Kipande cha chuma chenye unene huo, kikiwekwa kati ya mrija wa chini na kichwa cha chasisi, husukuma mrija huo mbele na kurudisha pembe iliyopotea. Bolti za chini hubidi ziwe ndefu kidogo. Mwanafunzi anayeona 50 juu ya 2,400, na 21 juu ya 1,000, na 3 juu ya 150, zote kuwa uwiano mmoja, hahitaji kuambiwa kwamba hisabati ina kazi karakanani.

Lazima pia aelezwe mahali mfano wetu unapokatika, na kwa kweli mwanafunzi mmoja alituwahi. Mifuko ya mchanga huzidisha msokoto wa springi, ilhali gari lililogeuzwa springi lina msokoto wake wa kawaida. Aidha, mchanga umeongeza uzito mbele. Kwa hiyo mfano wetu unafaa kwa pembe na kwa nafasi iliyobaki hadi kwenye kizuizi, haufai kwa kuonja usukani, na gari lisiendeshwe likiwa na mifuko.

Mengine yanayosogea

Baada ya hapo tuliwaacha wanafunzi wazunguke gari lililoinama na kutafuta wenyewe ni nini kingine kilichobadilika. Orodha yao ilikuwa ndefu kuliko yetu. Magurudumu ya mbele hayakutazamana tena kama awali, kwa sababu vyuma vinavyotoka kwenye boksi la usukani viliinama. Na kwa kuwa kimoja ni kirefu na kingine kifupi, badiliko halikuwa sawa pande zote, na usukani ukakaa upande. Walilipima kwa kuchora mstari kwenye tairi kwa ncha ya msumari huku gurudumu likizungushwa juu ya jeki, kisha kulinganisha umbali wa mistari hiyo mbele na nyuma ya ekseli kwa fimbo. Tairi ziliukaribia ukingo wa madigadi usukani ulipopindwa hadi mwisho. Bomba la mpira la breki lilikaribia mahali lisipotakiwa. Shokapu zilikuwa zimeingia ndani kiasi cha kubakisha nafasi ndogo mno. Shokapu ya urefu wa kawaida katika gari lililoshushwa hugota kabla ya kizuizi cha mpira, na hapo ndipo vishikizo hung'oka. Boljointi nazo zina mwisho wa kuinama, na gari likishushwa kupita kiasi huanza kubana.

Taa ndizo zilizowashangaza zaidi. Moja katika 48, kwa umbali wa mita 10, ni sentimita 21. Ongeza zile tano za kimo chenyewe, na mwanga unapiga ukutani karibu sentimita 26 chini ya alama ya awali. Tulilifanya hilo jioni, kwenye ukuta wa bwalo, na wapishi wakatoka kutazama.

Kuna lingine dogo. Spidomita ya gari hili huendeshwa na waya unaotoka kwenye gurudumu la mbele la kushoto. Anayebadili tairi akaweka yenye kipenyo pungufu kwa sehemu tano katika mia ataona kilomita 80 akiwa anakwenda 76. Kosa hili angalau humcheleweshea mtu ajali badala ya kumharakishia.

Kuhusu faida tulijitahidi kusema kweli, maana kijana akigundua kwamba mwalimu anaficha faida hataamini hasara. Kushusha gari hushusha kitovu cha uzito, na gari hulala kidogo zaidi kwenye kona. Lakini zaidi ya nusu ya uzito wa Volkswagen uko nyuma. Ukishusha mbele tu kwa milimita 50, kitovu hakishuki hata 25. Faida ipo, ni ndogo. Sehemu kubwa iliyobaki ni sura, na sura nayo si dhambi.

Njia na msumeno

Mwisho tulizieleza njia zenyewe, bila kuzifanya. Ya kutoa mabapa tumekwisha kuisema. Ya pili ni kukata sehemu ya katikati ya kila mrija, pale springi ilipobanwa, kuigeuza na kuichomelea upya; au kuweka mahali pake kifaa chenye meno kinachoruhusu kimo kurekebishwa baadaye. Hiyo haipunguzi ugumu, lakini ni lazima mirija miwili igeuzwe sawasawa, kwani mmoja ukigeuzwa peke yake springi mbili huanza kuvutana. Ya tatu ni kubadili kile kipande kinachobeba gurudumu kwa kingine ambacho shina la gurudumu limepandishwa juu. Hapo mikono hubaki mahali pake, na nafasi ya springi haiguswi. Kwa akili hii ndiyo bora kuliko zote, kwa mfuko ndiyo ghali. Na hata hapo mwili wa gari umeinama vile vile, kwa hiyo kasta na taa lazima zishughulikiwe.

Jambo moja tulilitamka kwa ukali. Tangi la petroli la gari hili liko mbele, juu ya ekseli. Anayechomelea mrija ukiwa ndani ya gari anawasha moto chini ya tangi. Ekseli hutolewa nje kwanza, wala hakuna haraka inayoweza kuwa udhuru. Kuchomelea kwenyewe ni kazi ya fundi mwenye ujuzi, kwa maana mshono ule ndio utakaobeba msokoto wa magurudumu yote mawili. Katika chuo chetu hatukati ekseli ya gari litakalorudi barabarani, nasi tunashauri shule zote zifanye hivyo.

Somo zima lilichukua vipindi viwili vya dakika 80 na jioni moja. Mkuu wa karakana alituuliza kama hatukuwa tunawafundisha vijana uhuni kwa kutumia chaki ya chuo. Tulimwonyesha madaftari. Katika upimaji hatukuuliza majina ya sehemu. Tuliwapa wanafunzi kipimo kimoja kilichobadilishwa, tukataka wataje vingine vitakavyosogea na kiasi chake. Walimu wanafunzi waliokuwa hodari wa kukariri walipata shida katika jaribio hilo, na wawili kati yao walilalamika kwamba halikuwa la haki. Tulikaa nao. Lalamiko lao lina ukweli wake: hatuwezi kumfundisha mtu kwa kukariri miaka kumi na minne halafu kumpima kwa njia nyingine siku moja.

Muhula uliofuata, habari zilikuwa zimefika mjini, na kijana mmoja alituletea Volkswagen yake iliyokwisha kushushwa, akitaka tuisifu. Wanafunzi waliizunguka kwa uzi na fimbo. Mbele kushoto ilikuwa chini kuliko kulia kwa milimita 12. Mkono wa kushoto ulikuwa umebakiwa na nafasi isiyotosha kuingiza kidole kabla ya kizuizi, na kizuizi chenyewe kilikuwa kimepasuka. Hakuna aliyemkemea. Alipewa karatasi ya vipimo, akaisoma akiwa amesimama, akauliza ile sehemu ya tatu juu ya kumi na sita ina maana gani, akaelezwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Aliondoka polepole. Baada ya wiki mbili alirudi kwa miguu, akisukuma mkokoteni wenye ekseli yake juu, na mabapa aliyoyatoa yakiwa yamefungwa katika gunia. Wanafunzi waliyamwaga sakafuni na kuanza kuyahesabu.